Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga diski za seva ya imeli ya ofisi ndogo

Hii ni ya yule mtu ambaye bosi amemwambia "wewe ndio unajua kompyuta, tuwekee seva ya imeli", awe yuko Kampala, Mbarara, Gulu ama Arua hapa Uganda. Maswali ni mengi lakini majibu karibu yote yanatoka kwa jambo moja: panga diski ukifikiria siku ile moja itakufa na wewe uko safarini, na ofisini amebaki mhasibu na fundi wa jirani. Mpangilio ambao hao wawili wanaweza kuufuata kwa simu ndio mpangilio mzuri kwenu, hata kama kuna mwingine wenye sifa nyingi zaidi kwa karatasi.

Kwanza, tunahitaji seva yetu kweli? Si watu wote wameenda kwa wingu?

Ofisi ya watu 5 ambayo haina mtu wa kompyuta ilipie huduma ya wingu, nasema hivyo bila kuzunguka. Seva yenu wenyewe inakuwa na maana mkiwa watu wengi mnaotumiana mafaili makubwa ndani ya ofisi, ama malipo ya dola kila mwezi kwa kila kichwa yamewachosha, ama hamtaki barua za wateja zikae nchi nyingine. Kuna pia suala la intaneti yenyewe. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 mpaka 18, na siku kama hizo ofisi yenye seva ndani bado inasoma barua zake za zamani na kutumiana zile za ndani kwa kebo tu, wakati yenye kila kitu kwa wingu inangoja.

RAID ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja ili moja ikifa kazi isisimame. Wazo lenyewe lilipewa jina hilo 1987 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. RAID 1 ni diski pacha, kila kitu kinaandikwa kwa zote mbili. RAID 5 inataka diski 3 kwenda juu na inavumilia moja kufa, RAID 6 inataka 4 na inavumilia mbili, RAID 10 ni pacha zilizounganishwa, diski 4 kwenda juu. RAID 0 haina ulinzi wowote, moja ikifa zote zimekwenda, kwa hiyo isiguse seva ya imeli kabisa.

Sisi ni watu 20, tuchukue ipi?

RAID 1. Diski mbili pacha, na ya tatu mpya ikae kwa droo imefungwa na karatasi yake.

Sababu yangu kubwa sio spidi, ni kwamba kwa RAID 1 kila diski peke yake ina barua zote. Seva ikiungua yote, toa diski moja nzima, iweke kwa kompyuta yoyote yenye Linux na barua ziko hapo zinasomeka. Jaribu kufanya hivyo na diski moja ya RAID 5, utapata vipande ambavyo havina maana mpaka uzipate zingine za kutosha, na fundi ambaye hajawahi kuiona anaweza kuharibu zaidi akijaribu kusaidia.

Lakini duka wameniambia RAID 5 inaokoa pesa, ni uongo?

Si uongo, ila hesabu yao ni ya nafasi peke yake. Diski 3 za TB 1 kwa RAID 5 zinakupa TB 2, na diski 2 za TB 1 kwa RAID 1 zinakupa TB 1. Sasa jiulize kama hata hiyo TB 1 mtaijaza (swali linalofuata).

Alafu angalia kazi ya imeli ilivyo: barua ndogo ndogo nyingi, na Postfix (programu ya seva inayopokea na kutuma barua) haimwambii aliyetuma "nimepokea" mpaka faili liwe limeandikwa kwa diski kweli kweli. RAID 5 kwa kila andiko dogo inasoma data ya zamani, inasoma hesabu ya ulinzi, inaandika data mpya, inaandika hesabu mpya, yaani kazi 4 kwa kitu kimoja, wakati RAID 1 inaandika mara 2 na imemaliza. Na stima ikikatika katikati ya yale maandiko, data na hesabu yake zinaweza kubaki hazikubaliani bila mtu kujua, mpaka siku diski moja inakufa na hesabu mbovu ndio inatumika kurudisha barua. Kwa nchi ambayo stima inakwenda na kurudi hivi mimi siwezi kumpendekezea mtu hiyo, kuna njia za kuipunguza hatari ila zote zinaongeza ugumu na ugumu ndio tunaukimbia.

Tununue diski kubwa kiasi gani?

Usikisie, pima. Kama mna barua mahali fulani tayari angalia kila mtu anatumia GB ngapi leo na mwaka jana alikuwa na ngapi. Tuseme watu 20 kila mmoja ana GB 5, hiyo ni GB 100. Kila mmoja akiongeza GB 2 kwa mwaka ni GB 40, kwa miaka 5 ni 200, jumla 300. Ongeza nafasi ya kupumua kama theluthi moja ya diski nzima ibaki tupu, mko GB 450 hivi. TB 1 inatosha na inabaki, zile diski za TB 8 anazokuonyesha muuzaji ni za watu wa kamera.

Vitu viwili vinawashangaza watu. Faili likienda kwa imeli linavimba kama theluthi moja kwa sababu ya jinsi linavyobadilishwa liwe maandishi, kwa hiyo picha ya MB 10 inakuwa MB 13 na kitu, na ukiituma kwa watu 20 wa ofisi, mara nyingi kila mmoja anawekewa nakala yake, hapo umekula karibu MB 270 kwa barua moja ya sherehe ya mwisho wa mwaka. Na bado kuna nakala iliyobaki kwa foda ya zilizotumwa. Kingine, usikubali mtu asiye na kikomo. Wekea kila mtu kikomo tangu siku ya kwanza, kumpunguzia bosi baadaye ni kazi ngumu sana.

Nigawe diski vipi? Naweza kuweka kila kitu patisheni (chumba cha diski) moja?

Unaweza, na itafanya kazi vizuri mpaka usiku mmoja logi (daftari za matukio ya seva) ziumuke zijaze diski yote (kwa mfano kuna mtu huko nje anajaribu nywila elfu elfu) na seva iache kupokea barua kwa sababu haina mahali pa kuandika. Kugawa ni ili shida ya chumba kimoja isiingie kingine.

Mimi nagawa hivi kwa diski za TB 1. Sehemu ndogo ya kuwashia mashine. GB 40 ya mfumo. GB 8 hivi ya swapu (nafasi ya kusaidia RAM ikijaa). GB 20 ya logi. GB 20 ya foleni ya Postfix, ile /var/spool/postfix. Zinazobaki ni za barua za watu, lakini usizitoe zote mara moja: tumia LVM (njia ya Linux ya kugawa diski unayoweza kubadilisha baadaye), wape barua GB 400 na nyingine ziache bila mwenyewe, kwa sababu kuongeza patisheni ya barua mwaka kesho ni amri moja na seva ikiwa inafanya kazi, kupunguza ndio balaa. Nafasi hiyo ya bure pia ndio snapshoti ya bakapu (picha ya data ilivyo dakika ile) itatumia.

Swapu nayo iwe ndani ya RAID. Watu wanaiacha nje wakisema si data muhimu, alafu diski iliyobeba swapu ikifa seva nzima inaanguka na ile pacha yote mliyonunua haijasaidia kitu.

Sehemu ya kuwashia ndio inasahaulika kabisa. Barua ziko pacha, mfumo uko pacha, lakini kile kipande kinachowasha mashine kimewekwa kwa diski ya kwanza tu. Ya kwanza ikifa seva inaendelea kama kawaida, kila mtu anafurahi, mpaka stima ikatike, na hapo mashine haiwaki. Weka GRUB (ndio hicho kipande cha kuwashia) kwa diski zote mbili na kama mashine inatumia UEFI, mtindo mpya wa kuwaka, nakili ile patisheni yake kwa diski ya pili pia, alafu kabla ya kuwapa watu seva izime, chomoa diski ya kwanza, washa. Irudishe, ngoja ilingane, chomoa ya pili, washa. Kama hujafanya hilo jaribio usiseme una RAID.

Mwisho wa gawa gawa, acha kama MB 100 tupu mwishoni mwa kila diski. Diski mbili zote zimeandikwa TB 1 lakini kampuni tofauti hupishana kidogo, na ile ya kubadilishia ikiwa fupi hata kwa kidogo tu inakataliwa.

Mfumo gani wa mafaili?

ext4, na barua kwa mtindo wa Maildir ambapo kila barua ni faili lake. Kila fundi anaijua. Ila ext4 inajiwekea asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), na kwa patisheni ya barua ya GB 400 hiyo ni GB 20 zinazokaa bila kazi, ishushe iwe 1 kwa tune2fs -m 1. Ukitaka ZFS kwa sababu inagundua data iliyooza yenyewe ni nzuri kweli, naipenda, lakini hakikisha kuna mtu mwingine ofisini ama karibu anayeijua.

SSD ama haidiski za kuzunguka?

Kwa TB 1 chukua SSD mbili kama bajeti inaruhusu, na utafute zile za seva zenye kapasita ndani zinazomalizia kuandika stima ikikatika ghafla. Za bei ya chini za laptopu hazina hiyo. Kama ni haidiski, uliza kabla ya kulipa kama ni CMR ama SMR. SMR zinaandika kwa mistari inayolaliana na wakati wa kujenga upya pacha zinakuwa polepole sana, hizo waachie wanaohifadhi sinema. Mfumo na indeksi za Dovecot (programu inayowafungulia watu barua zao) kwa SSD, barua zenyewe kwa haidiski, nao ni mchanganyiko mzuri tu.

Na usinunue mbili zinazofuatana namba kutoka boksi moja. Zimetoka kiwandani pamoja, zinafanya kazi ile ile, zinaweza kuchoka pamoja. Nunua moja duka hili na nyingine duka lile.

Kadi ya RAID ama ile ya ndani ya Linux?

Ya Linux, mdadm. Kadi ikifa unahitaji kadi ya familia ile ile ili diski zisomeke, na kuipata hapa inaweza kuwa kuagiza nje na kungoja wiki kadhaa barua zenu zikiwa zimekaa mezani. Diski za mdadm zinasomeka kwa mashine yoyote ya Linux. Kama seva mliyopata tayari ina kadi, iweke kwa hali ya kupitisha diski moja kwa moja. Na kama lazima mtumie kadi yenyewe, basi angalia betri yake ya keshi (kumbukumbu ya muda ya kadi) iko hai, betri ikifa na keshi ya kuandika imewashwa, stima ikienda barua zilizokuwa hapo zimekwenda nazo.

Stima inatusumbua, UPS (boksi la betri la kushikilia mashine stima ikikatika) peke yake inatosha?

UPS ni lazima, ila haina maana kama haiongei na seva. Waya ule wa USB ukae kwa seva, weka programu ya NUT ama apcupsd, na seva ijizime yenyewe taratibu betri ikifika mahali fulani. Wengi wana UPS inayopiga kelele dakika 15 usiku, hakuna mtu wa kusikia, alafu inazima ghafla, ni sawa na kutokuwa nayo. Tukio la kawaida kabisa ni wikendi: Yaka (stima ya kulipia kabla) imeisha Jumamosi na mwenye kununua yuko kijijini. Seva ilale vizuri yenyewe na iwekwe kuwaka yenyewe stima ikirudi.

Kwa mdadm hakikisha bitmapu ya ndani imewekwa, hiyo ndio daftari inayokumbuka sehemu gani zilikuwa zinaandikwa. Ukiwa nayo baada ya kuzima vibaya pacha zinalingana kwa dakika chache, bila hiyo inapitia diski nzima, na haidiski ya TB 2 kwa MB 150 kwa sekunde ni karibu saa 4. Betri za UPS nazo huchoka baada ya miaka 3 mpaka 5, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Na msimu wa mvua radi haipiti kwa nyaya za stima tu, inapita hata kwa kebo inayotoka kwa antena ya intaneti juu ya paa, kwa hiyo kinga na ethi (waya wa kuingia ardhini) viwekwe huko pia.

Nikiwa na RAID bado nahitaji bakapu?

Ndio, ndio, na ndio. RAID inalinda diski kufa, basi. Mtu akifuta foda ya bosi, imefutwa kwa pacha zote mbili sekunde ile ile. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa vinafunga pacha zote. Mwizi anabeba boksi lote, moto haubagui.

Iwe hivi: nakala 3 za barua, kwa vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Seva ni ya kwanza. Ya pili ni diski ya nje ama kompyuta nyingine ofisini inayovuta bakapu kila usiku kwa programu ya restic ama borg, na ni muhimu iwe hiyo kompyuta ndio inavuta, seva isiwe na nywila ya kuingia huko, ili anayeingia seva asifute na bakapu. Ya tatu ni nje, kwa tawi lingine ama diski mbili za USB zinazopokezana kila wiki, moja ofisini moja kwa nyumba ya mkurugenzi. Tawi la Mbarara likiwa na intaneti nzuri litumie, ila usijaribu kutuma nakala ya kwanza kwa intaneti: GB 200 kwa Mbps 10 ni kama saa 44 za bila kupumzika. Peleka ya kwanza kwa diski ndani ya gari, alafu mabadiliko ya kila siku yafuate kwa waya.

Kila mwezi chagua mtu mmoja, rudisha foda yake kutoka bakapu kwenye mahali pa pembeni, na yeye mwenyewe athibitishe barua zake zinafunguka. Bakapu pia ibebe mipangilio, yaani /etc yote, orodha ya watumiaji na funguo za DKIM (sahihi inayoonyesha barua ni zenu kweli). Barua bila hizo utapata lakini siku mbili utakuwa unajenga seva upya.

Kumbuka pia URA (mamlaka ya kodi), kumbukumbu za kodi zinatakiwa kukaa miaka 5 na siku hizi risiti na ankara nyingi zinakaa ndani ya imeli, kwa hiyo ongea na mhasibu kabla ya kuamua bakapu za zamani zifutwe lini.

Seva ikizima siku mbili, barua za wateja zinapotea?

Hapana. Seva ya aliyetuma inaziweka kwa foleni yake na kujaribu tena na tena, Postfix kwa kawaida hujaribu siku 5 kabla ya kumrudishia mwenyewe. Kwa hiyo msikimbilie kununua seva ya pili ya kupokea, kwa ofisi ndogo inaleta spamu kuliko faida. Tumia huo muda kurudisha kwa utulivu, na barua zitaingia zenyewe.

Nitajuaje diski imekufa kama seva inaendelea kufanya kazi?

Hutajua, ndio hatari yenyewe. Kuna seva nyingi zinatembea kwa mguu mmoja miezi na hakuna anayejua. Washa ufuatiliaji wa mdadm na smartd, na tahadhari zitumwe kwa anwani ya nje ya hiyo seva, kwa sababu seva iliyokufa haikutumii barua ya kifo chake. Kwa haidiski kwenye SMART (ripoti ya afya ambayo diski inatoa yenyewe) angalia sana Reallocated na Pending (sehemu mbovu zilizohamishwa na zinazongoja), hizo namba zikianza kupanda wiki hadi wiki badilisha diski ikiwa bado inapumua.

Leo hii, kabla hakujaharibika kitu, andika namba ya kiwanda (serial number) ya kila diski kwa karatasi na uibandike kwa sura ya diski nje. Seva itasema diski sdb imekufa, na aliye ofisini hajui sdb ni ya juu ama ya chini. Akichomoa ile nzima mmekwisha.

Imekufa sasa, nianze wapi?

Fanya bakapu mpya kwanza, kabla ya kugusa bisibisi. Diski iliyobaki ina umri ule ule na kujenga upya kunaisoma yote mwanzo mpaka mwisho, ni kazi nzito kuliko iliyowahi kufanya. Alafu itoe iliyokufa kwa mdadm, chomoa ukiangalia namba, weka ile ya droo, nakili mpangilio wa patisheni, iongeze, weka GRUB juu yake. Fuata maendeleo kwa /proc/mdstat. Ikimaliza, nunua nyingine irudi kwa droo.

Diski za mtumba zinafaa?

Kwa bakapu ya pili, sawa. Kwa seva yenyewe, kama hakuna pesa kabisa, soma Power_On_Hours (saa ambazo diski imekaa imewashwa, iko kwenye SMART) kabla ya kulipa. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka 4 na nusu ya kuzunguka bila kulala.

Tufunge diski kwa LUKS (kufuli la nywila la Linux)?

Diski za USB za bakapu lazima, hizo zinasafiri kwa boda na kwa mabegi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na zikivuja atoe taarifa, na diski moja iliyopotea ina barua za wateja wenu wote. Ya seva ni uamuzi: ukifunga yote, kila stima ikirudi mtu lazima aandike nywila ndio iwake. Njia ya kati ni kufunga patisheni ya barua peke yake, mfumo unawaka wenyewe na wewe unaingia kutoka mbali kwa SSH (njia salama ya kuingia mashine kwa mtandao) kuifungua. Diski iliyokufa usiirudishe dukani kwa waranti kama haikufungwa, toboa na drili, hasara ya waranti ni ndogo.

Tuko Moroto, diski mpya inachukua siku nyingi kufika, tubadilishe mpango?

Weka pacha tatu. mdadm inakubali RAID 1 ya diski 3, zote zina barua zile zile, na moja ikifa bado mna pacha mbili wakati nyingine inasafiri kwa basi kutoka Kampala. Hakuna haja ya diski ya droo hapo, ile ya tatu iko tayari ndani na inajulikana inafanya kazi. Ni bei ya diski moja tu, na mashine yoyote yenye nafasi 3 inatosha.